Jeki ya Kubeba kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kanikataza kunyanyua chochote kizito kuliko ndoo ya maji. Hakuuliza habari za jeki. Sikumwambia. Teksi yangu, kazi ya miaka ishirini, iko uani na pancha. Nyasi zimefika mlangoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, kapita. Kasema ikikaa hapo hadi Jumapili ataleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Mke wangu kamwongezea chai. Chai hiyo sikuipenda.

Jumanne, 5 Machi
Jeki yangu ya zamani ni chuma kitupu, hata kuiburuta siwezi. Mpango: ninunue nyepesi. Dukani nimezibeba zote, moja moja, kutoka mlangoni hadi kaunta. Muuzaji kashauri niulize kwanza inainua uzito gani na inafika juu kiasi gani. Nimemwambia nilianza kuendesha kabla hajazaliwa. Nimechukua ya alumini. Mkono mmoja, kama kikapu cha sokoni. Shemeji kaniona njiani. Nimepiga mluzi makusudi.

Jumatano, 6 Machi
Aibu. Jeki imepanda hadi mwisho, tairi bado limekaa chini. Kumbe ni ya vigari vidogo. Nikaipandisha juu ya matofali. Ikateleza, gari likashuka kwa kishindo. Heri sikuwa chini yake. Shemeji kacheka hadi kashika ukuta. Eti jeki hiyo inafaa kuinulia kitanda mtu akitaka kufagia uvunguni.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu katoka na jembe.
"Mzee, umesahau?" kaniuliza. "Si tulichimba?"
Nikakumbuka. Mwaka wa kwanza wa ndoa, barabara ya vumbi, pancha, jeki fupi ya kuazima. Alichimba chini ya tairi kwa mfuniko wa sufuria tuliyopewa harusini, huku akiimba. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nimekaa kwenye jiwe.
Leo jeki tumeiweka juu ya ubao mpana, magogo tukayapanga chini ya gari lisishuke. Yeye kachimba. Mimi nimekaa kwenye kigoda nikitoa maelekezo. Hakufuata hata moja. Tairi likatoka. Kope zake zilijaa vumbi, vilevile kama siku ile. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia jembe limelegea mpini.

Jumapili, 10 Machi
Pancha imezibwa, teksi imewaka. Kiti cha mbele kilikuwa cha abiria miaka yote; leo kakaa mke wangu. Tumepita njia za zamani polepole, akinionyesha nyumba tulizowahi kupanga. Moja imebomolewa. Tuliporudi, shemeji alikuwa langoni na mnunuzi wake. Shemeji kaomba tumsogeze hadi nyumbani kwake. Nimemweka nyuma.

Jumatatu, 11 Machi
Giaboksi inalia. Lazima ishushwe. Nimekwenda dukani kutazama winchi ya kuishushia. Muuzaji kaanza tena habari za uzito. Nimemwacha aongee. Kuna moja nimeinyanyua kwa vidole viwili. Wanifungie hiyo.