Tangi la Maneno

Jumanne, 3 Juni

Aibu. Leo asubuhi mteja wa kwanza aliingia dukani kwa Mjomba, nami nikachutama chini ya kaunta kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilibaki hukohuko mpaka mteja akaondoka. Mjomba, ambaye ni fundi miwani na mtu wa huruma, alisema Jumatatu atanijaribu mara ya mwisho. Nikishindwa tena, kiti cha mapokezi ni cha binamu yangu Redio. (Jina lake si hilo, lakini ukilala naye chumba kimoja utaelewa.)

Nakitaka kile kiti! Kinazunguka. Halafu shule nimeshamaliza, sina kingine.

Nimefikiri sana. Maneno ni kama maji ya tangi. Nyumbani Redio huyamaliza yote, mimi nabaki na matone. Nikikaa siku tatu bila kusema na mtu, tangi litajaa. Mjomba ana gari kuukuu alilokuwa akizungukia vijijini kupima watu macho. Lina kitanda, jiko dogo na pazia. Amekubali kunipeleka na kuniacha, mradi nitafute mwenyewe mahali salama, patulivu na pa bei nafuu. Mimi najua bei moja tu: bure.

Jumatano, 4 Juni

Kupima ukimya kunataka utaratibu. Nakaa saa nzima na daftari, kila kelele naitilia alama. Uwanja wa shule yangu ya zamani: kelele kumi na nne, zote za mlinzi, aliyenisimulia mgongo wake tangu siku ulipoanza kuuma. Nyuma ya karakana ya mbao: niliacha kuhesabu. Kisha, saa tano asubuhi, nikapapata! Kiwanja cha mzee mmoja aliyestaafu posta. Nyasi, mti mmoja, bomba la maji lililokauka. Kelele tatu: kunguru, baiskeli, na mzee mwenyewe akikohoa. Malipo: nimjazie mkewe ndoo mbili siku bomba likitoa maji. Nilikubali kwa kutikisa kichwa. Sikuuliza hutoa lini. Kuuliza ni kumwaga maneno.

Mama anawajua mzee na mkewe, kwa hiyo ameniruhusu, ingawa amesema hajapata kuona binti anayejiweka stoo kama gunia la mkaa. Redio kauliza nitazungumza na nani huko, sufuria? Sikumjibu. Nimeanza kuweka akiba.

Ijumaa, 6 Juni

Mjomba ameniacha saa mbili asubuhi. Raha! Nimechemsha chai yangu, nimeinywa peke yangu.

Saa tatu bomba likaanza kukoroma. Kumbe maji hutoka Ijumaa na Jumamosi! Mtaa mzima ukaja na ndoo. Foleni ikapita ubavuni mwa gari, na ubavuni mwa gari Mjomba alichora zile herufi za kupimia macho, kubwa juu, zikipungua hadi chini. Watu wa foleni hawana la kufanya. Wakaanza kusoma.

Nikabandika karatasi dirishani: MWENYE GARI HAZUNGUMZI MPAKA JUMATATU. TAFADHALI. Fundi mwashi mmoja akaisoma yote kwa sauti akiwa kule bombani, akauliza kama amefaulu.

Nikafunga pazia. Bibi mmoja akagonga kioo kwa kidole, taratibu, kama anayeogopa kuniamsha.

"Mwanangu, hapa mstari wa tatu wameandika nini?"

Ningenyamaza. Lakini alikuwa amekunja uso mzima kuutafuta huo mstari. Nikatoa kichwa.

"Bibi, we mwenyewe unaona nini?" Ndivyo asemavyo Mjomba.

"Naona sisimizi."

Basi. Maneno matano yalikuwa yamekwenda na hayarudi. Nikamwandika jina kwenye daftari langu la kelele na kumwelekeza dukani. Nyuma yake walikuwa wamesimama kumi na mmoja.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimepima macho ya watu thelathini na wawili! Dereva wa pikipiki alisimama hatua sita kutoka garini, akakwama mstari wa pili. Foleni ikamwambia ndiyo maana alimpita mama mkwe wake bila salamu. Akasema yule alimwona vizuri tu. Walicheka mpaka ndoo zikafurika. Hata mimi nilicheka, tena kwa sauti, jambo ambalo nalo ni matumizi.

Redio alikuja akitumaini kunikuta nalia. Akaanza kuongea. Bibi wa sisimizi akamwambia, "Nyamaza kidogo, binti, mwenzio yuko kazini." Redio akanyamaza! Nimeandika saa: nne na dakika kumi.

Ndoo mbili nimezijaza. Koo limekauka kama bomba la Jumatano. Tangi tupu kabisa. Lakini alasiri, foleni ilipokwisha, mke wa mzee aliniletea viazi vya kuchemsha, tukala kwenye ngazi ya gari bila kusema neno. Hiyo ndiyo likizo yangu: dakika ishirini. Tamu.

Jumatatu, 9 Juni

Kiti nimekipata! Kabla duka halijafunguliwa walikuwa tisa mlangoni, wote wa bombani. Bibi, dereva, na mwashi, ambaye anaona kama mwewe na alikuja kusalimia tu. Niliwakaribisha mmoja mmoja, nikamtania dereva kuhusu mkwe. Kisha wakaingia wageni nisiowajua, nikawasalimu nao kabla sijakumbuka kuogopa. Mjomba akanitazama juu ya miwani yake, akasema kiti ni changu, nikizungushe. Nimekizungusha mara nne.

Redio anasema ni watu wa bombani walionizoeza kuongea. Redio hajui sayansi. Ni ukimya! (Jumapili siihesabu: Redio alirudi garini kuyamaliza yote aliyokatizwa.) Ikiwa dakika ishirini zimefanya haya, siku tatu kamili zitafanya nini?

Jumanne, 10 Juni

Mjomba atanipa gari tena wiki ijayo, Alhamisi hadi Jumamosi. Saa ya chakula nilikwenda kupima mahali papya. Bure kabisa! Kelele moja tu, ya mlango ukigongwa na upepo. Kuna mazizi makubwa, yote matupu, mzani mkubwa kuliko gari letu, na jukwaa la mbao ambalo sijui ni la nini. Kimya kama kaburini.

Alasiri mteja mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe, alinisikia nikimweleza Mjomba kuhusu mazizi, akaniuliza nitakuwa pale siku gani. Nikamwambia Alhamisi ya wiki ijayo. Akacheka mpaka akavua miwani yake mipya kuipangusa, akasema basi tutaonana.

Mtu mchangamfu sana. Sikumwuliza atakuwa akienda wapi. Nimeanza kuweka akiba.