Muziki wa Ng'ambo ya Bonde

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha kamati ya sendofu, nyumbani kwetu Nshambya. Binti yetu Annastella anaagwa Jumamosi ya tarehe 16. Harusi ni wiki inayofuata, kwao na mume, Muleba. Nilijua nitapewa muziki. Nilivaa hata tai. Muziki amepewa Gamaliel, kaka wa mke wangu Edvina, eti kwa sababu anapiga kinanda parokiani. Mimi nimepewa viti. Viti!

Kisha Annastella akaomba neno. Alisema wimbo wa kumwingiza ukumbini achague baba peke yake. Anautaka ule ninaompigia mluzi tangu akiwa mchanga mgongoni mwangu, ule uliomlea. Akaniangalia mbele ya watu wote na kusema siku hiyo ananitegemea mimi. Gamaliel akauliza wimbo wenyewe unaitwaje. Nikamjibu ataujua siku hiyo.

Jina lake silijui.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike ninachokikumbuka. Tulikaa Kanazi. Redio hatukuwa nayo. Alikuwa nayo Mzee Kahangwa, ng'ambo ya bonde, akiiweka dirishani. Mimi nilikuwa upande wa huku na mbuzi, chini ya mibuni. Jioni muziki ule ukianza, watu wazima walitupa majembe na kukimbia kwa Kahangwa. Siku moja mama aliacha kumenya ndizi, akaenda mbio na kisu mkononi. Wakifika walisimama kimya, wanaume wamevua kofia. Maneno yaliyofuata hayakunifikia, bonde lilikuwa pana. Lakini nilikuwa na miaka sita na nilijionea mwenyewe. Huo ulikuwa muziki mkubwa kuliko yote.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Shinyanga kwa mjomba, na sikuusikia tena. Tangu hapo kila muziki naupima kwa ule. Rumba ina haraka. Kwaya ina maneno mengi. Za vijana wa sasa sizungumzii. Mimi napenda muziki wa taratibu, unaomfanya mtu avue kofia.

Nimempigia Edvina mluzi wake ili anisaidie jina. Amesema kwa miaka ishirini na saba anajua ninaita mbuzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mbinu ya kumwondoa Gamaliel. Kwenye kikao nilisimama nikasema ndizi za sendofu zisiachiwe wachuuzi. Aende mtu mwenye jicho Kanazi Jumatano, akae siku tatu, achague mkungu mmoja mmoja. Nikasema Bukoba nzima hakuna ajuaye ndizi kama shemeji Gamaliel. Wakapiga makofi. Akakubali huku akitabasamu. Ametoka bila kujua kilichompata.

Sasa kazi imebaki moja tu, kuupata muziki wenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeupata.

Nilikwenda mjini kwenye duka la Saburi, anayejaza nyimbo kwenye flashi. Nikampigia mluzi. Akaniuliza kama ni wa kwetu au wa Uganda. Nikampigia tena. Wateja wawili wakatoka. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa pembeni anashona. Nikamweleza mambo yote: redio, jioni, watu wazima wanakimbia, kisha kimya. Aliacha kushona. Akaingia ndani, akarudi na kaseti ambayo marehemu baba yake aliirekodi kutoka redioni zamani.

Ukapigwa. Ndio wenyewe! Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikalia kama mtoto. Miaka arobaini na tatu. Nilisikia harufu ya majani ya mibuni.

Bi Mwajuma ni mtu mwenye utu sana. Aliniambia pole. Akauliza ni nani. Nikasema Annastella, binti yangu wa kwanza, Jumamosi hii. Akashika shavu. Akauliza kama lilikuja ghafla. Nikasema hapana, tumejiandaa tangu mwaka jana. Akasema afadhali. Akauliza tunampeleka wapi, nikasema Muleba, kwao na mume. Akauliza hali ya mume. Nikasema anaendelea vizuri, suti ameshanunua. Akasema Mungu amtie nguvu. Akauliza ukumbi na saa, nikamwambia. Malipo walikataa katakata, na Saburi akaingiza upande mzima wa kaseti kwenye flashi.

Sikujua kama Waislamu wa mjini wanamheshimu baba wa bibi harusi kiasi hicho.

Alhamisi, 14 Agosti

Gamaliel amerudi kutoka Kanazi kabla ya wakati. Mikungu ishirini, yote mizuri, lazima nikiri. Juu ya mikungu wamekaa wanakwaya kumi na wawili wa kigango cha kule. Anasema aliwakuta wanafanya mazoezi, akaona wasikose sherehe. Kwaya nzima! Nimewapangia viti vya nyuma kabisa, karibu na jiko. Ndio faida ya kupewa viti.

Annastella alikuja kuniuliza kama wimbo uko tayari. Nikagonga mfuko wa shati. Alitaka kuusikia kidogo tu. Nikakataa, nataka ausikie mlangoni. Akaniegemea begani kama zamani. Akasema anaogopa kuondoka, ila akiusikia wimbo wangu ataweza kutembea. Sijawahi kumpenda mtu namna ile.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa bafuni. Chumbani yuko Edvina.

Saa kumi jioni, ukumbi umejaa. Meza ya mbele wamekaa wakwe, na katikati yao Mzee Mushumbusi, baba wa bwana harusi. Annastella mlangoni na shela yake. Nikamwashiria DJ.

Muziki ukaanza, na ikawa vilevile kama nilivyokumbuka. Watu wazima wote waliacha walichokuwa wanafanya. Waliokuwa wanakunywa wakaweka glasi chini. Wanaume wakavua kofia. Moyo ulinijaa. Nikamtazama Gamaliel, naye amevua. Nikasema kimoyomoyo, umeona.

Kisha ikaja sauti ya mtangazaji. Hiyo sikuwahi kuisikia, dukani Saburi alizima mapema. Ilisema inasikitika kutangaza vifo vifuatavyo.

Edvina alinigeukia taratibu. Sitaandika uso wake. Shangazi yangu Immakulata akaweka mikono kichwani na kuanza kulia. Meza zikaulizana ni nani. Wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia Bi Mwajuma na wanawake watatu, khanga vichwani, na kikapu cha mchele na sukari. Akamwona Annastella amesimama hai kabisa na maua mkononi. Kikapu kikamponyoka. Nikamwashiria DJ azime. Akadhani namwambia aongeze.

Mtangazaji akasema ndugu Rutashobya wa Muleba amefariki dunia. Habari zimfikie mwanawe Mushumbusi, popote alipo Geita.

Mzee Mushumbusi akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni baba yake, na hilo ni tangazo lake, la mwaka themanini na nne. Yeye alikuwa kibarua kwenye ginneri ya pamba Geita na hakulisikia. Alipofika nyumbani, ndugu zake walikuwa wameshazika siku tatu kabla. Miaka yote hii aliwauliza ndugu kama kweli alitajwa redioni, au walimsahau. Wote walisema alitajwa. Hakuwaamini.

Bi Mwajuma akasema baba yake alinunua kahawa pamoja na marehemu Rutashobya, ndiyo maana akairekodi jioni ile. Mzee akaomba irudiwe. DJ akarudisha. Mzee alisikiliza hadi jina lake, akaketi, akafuta macho.

Annastella alikuwa bado mlangoni. Karibu robo saa, na viatu vile. Hakuna wa kumwimbia, na mimi nilibaki kando ya DJ. Hapo kwaya ya jikoni ikaanza yenyewe, sauti tupu, Gamaliel amewainulia mkono. Akaingia. Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mushumbusi, akapiga magoti kwenye sakafu na shela yake nyeupe, akamsalimia kwa Kihaya na kumpa pole ya baba yake. Mzee akamshika kichwa. Akatangaza mbele ya wote kwamba huyu si mkwe tena, huyu ni mtoto wake. Wakwe wakapiga vigelegele. Nilijificha nyuma ya jokofu nikalia, safari hii kwa aibu.

Jumapili, 17 Agosti

Kwa hiyo ni muziki wa matangazo ya vifo. Sawa. Nimejaribu kuuchukia tangu asubuhi, nimeshindwa. Sikio lilishaoa.

Edvina anaongea nami kupitia kwa shangazi Immakulata. Bi Mwajuma nimempelekea mkungu wa ndizi na maelezo. Ndizi amepokea.

Annastella alikuja baada ya misa. Alisema pale mlangoni alitamani nisiwe baba yake, kwa muda mfupi. Iliniuma. Kisha akasema aliposikia jinsi unavyopigwa hasa, akakumbuka mgongo wangu nilipombeba, na woga wa kuondoka ukampungua. Amenisamehe. Ila nimwahidi kitu kimoja. Kwenye harusi Muleba nisiguse spika, flashi wala DJ. Nikaahidi. Nikaapa kabisa.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetafakari siku mbili. Mzee Mushumbusi amepiga simu mara tatu kunishukuru. Ukoo wao wote wananitaja. Gamaliel na kinanda chake hajapigiwa na mtu. Tuseme ukweli. Ni nani mwingine katika kamati ile aliyewahi kuchagua muziki ukamgusa mtu hivyo? Nina kipaji. Kilikosa maandalizi tu.

Na leo, nikipalilia mibuni, umenijia mwingine. Wa ng'ambo ileile ya bonde, nilikuwa na miaka mitano. Huu ulikuwa wa akina mama. Hauna maneno, ni sauti moja tu ya juu, ndefu, mwanamke mmoja anaanza na wengine wanaitikia kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kilima kizima kinaimba. Na wanaume wote walitoka mbio nyuma ya mgeni mmoja aliyebeba mbuzi, furaha tupu, na mapanga na marungu mikononi. Lazima ulikuwa wimbo wa mavuno. Siku hizi hausikiki sana, vijana wameuacha.

Nimeshaongea na akina mama sita wa jumuiya. Wanaujua vizuri sana. Waliniuliza mara mbili kama nina hakika. Jumamosi, Muleba, keki ikikatwa tu, watauanza kutoka migombani kwa nguvu zao zote. Mtu yeyote asiambiwe.

Ahadi kwa Annastella iko palepale. Huu hauhitaji spika hata moja.