Simu Iliyowafelisha Wasichana Tisa

Jumamosi hiyo, kabla Hosiana hajamaliza kupuliza mkaa wa birika la kwanza, Onesmo alikuwa ameshaketi juu ya tairi lake, habari imemjaa mdomoni kama mtu aliyeng'ata kiazi cha moto. Onesmo huyu, pale kijiweni Nyahanga, mkabala na karasha linalosaga mawe ya dhahabu, wamemwita Saa Mbili. Ni kwa sababu taarifa ya habari ikisomwa redioni jioni, yeye huwa ameshaisoma asubuhi, na ya kwake ina chumvi zaidi.

Habari ya siku hiyo ilikuwa fupi. Shuleni ng'ambo ya korongo wamebandika karatasi ukutani. Watoto tisa wa darasa la tatu wamepimwa na simu kwa wiki tatu, simu imesema hawajui kitu, na leo saa nne wazazi wanaitwa kutia sahihi ili watoto warudishwe darasa la pili.

"Tisa wote wa kike," Saa Mbili akamalizia, akimtupia Ngassa jicho la pembeni. "Na mmoja wao ni namba kumi na saba."

Ngassa akakizungusha kikombe cha kahawa mkononi, asinywe. Namba kumi na saba ni Vumilia, mjukuu wake. Barua ya wito wa shule alikuwa nayo tangu Alhamisi, ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati, na tangu Alhamisi hiyo hakuwa amempa mtoto neno zaidi ya "kula" na "lala". Mama wa mtoto, Juliana, anawapikia wachimbaji kule Geita, na kila akipiga simu swali lake la kwanza ni shule. Mara mbili Ngassa amemjibu kwamba shule iko palepale. Hakudanganya, maana jengo halijahama.

Pale kijiweni Ngassa anaitwa Karai. Miaka ishirini na miwili anaosha sampo: unamletea kiganja cha mawe yaliyosagwa, anayatia kwenye karai na maji, anazungusha mara tatu, na anajua kama duara lako, shimo unalochimba, lina mali au lina hadithi. Watu wameacha maduara na wengine wameuza ng'ombe kwa neno lake. Sasa mtu huyo amepimiwa mjukuu na simu, na hajui pa kushika.

Aliyejua pa kushika alikuwa Chacha, fundi simu mwenye kibanda cha mabati pembeni ya kijiwe, anayeitwa Mtandao. Yeye ndiye aliyeiweka ile programu kwenye simu ya mwalimu, basi aliitetea kama mtu anayetetea mwanawe mahakamani. Akawaeleza wote, kwa mara ya nne wiki hiyo. Kila mtoto ana kadi yake yenye namba na mchoro wa madoa meusi na meupe. Kadi ina pande nne, A, B, C na D. Mwalimu anaandika swali ubaoni, mtoto anageuza kadi ili herufi ya jibu lake ikae juu, mwalimu anainua simu mara moja, na darasa zima limesahihishwa. Aliyepata jina lake linakuwa kijani. Aliyekosa, jekundu. Asiyejibu kabisa, la kijivu, na kijivu siku kumi na tano ni mtu asiyejua hata kubahatisha.

"Watoto sitini na nane, sekunde tano," akasema Chacha. "Mwalimu Marcel hana hata haja ya kumwangalia mtu."

"Hapo umesema kweli bila kukusudia," Hosiana akamjibu, akimimina kahawa. Huyu mama ana ugonjwa wa vitendawili. "Kitendawili. Nina jicho moja, naona sitini na nane, simfahamu hata mmoja."

Saa Mbili akashindwa, akampa mji wa Kahama; Hosiana akaukataa, akataka Dodoma, akapewa. Jibu likawa simu ya mwalimu, na watu wakacheka isipokuwa Chacha.

Ndipo dharau ikafunguliwa bomba. Saa Mbili akadai walimu walipelekwa semina ya siku mbili hotelini, siku ya kwanza wakala kuku, siku ya pili wakala kuku aliyebaki, wakarudi na cheti kila mmoja na simu moja ya kugombania. Akasema mwakani simu hiyohiyo itamtazama mbuzi zizini na kusema ana mimba ya mapacha, na asipozaa mapacha mbuzi ataitwa mkutanoni. Hosiana akasema zamani mwalimu aliyeona mtoto hajui alimwita mbele, akamuuliza, akamsikiliza anavyokwama, akajua amekwamia wapi. Sasa mtoto anakwama kimyakimya, rangi ya kijivu, kama jivu la jana.

Chacha akawaambia wao ni watu wa kiberiti wanaoitukana taa ya umeme. Kisha akasema neno ambalo lilimchoma Ngassa kuliko mengine yote: kama waliofeli tisa wote ni wasichana, basi tatizo si simu. Labda hesabu zina wenyewe.

Ngassa akaweka kikombe chini.

"Mtandao, mtu akiniletea kiroba cha mawe kimefungwa, mimi nikikipiga picha kwa nje nikasema hakina dhahabu, utaniitaje?"

"Tapeli."

"Haya."

"Lakini mzee wangu, simu haioni kiroba. Inaona jibu. Mtoto ametoa jibu au hajatoa, basi."

Na hilo ndilo lililomtesa Ngassa siku tatu. Angeambiwa mtoto amekosa, angeelewa, hata sampo hukosewa. Lakini kutojibu kabisa? Vumilia ndiye anayemhesabia viroba pale karashani. Vumilia ndiye aliyemwonyesha kwamba mwenye karasha amemsomea mzani vibaya. Mtoto huyo akikaa mbele ya swali mdomo unamwasha. Imekuwaje?

Wakati huohuo Vumilia akatokea, amevaa sare ingawa ni Jumamosi, kadi yake kwapani, amekuja kumkumbusha babu kwamba saa nne inakaribia. Akawasalimu wote, mmoja baada ya mwingine, shikamoo na marahaba, hakuruka mtu. Kwa babu yake salamu ilikuwa ndogo na macho chini. Siku tatu za "kula" na "lala" si mchezo kwa mtoto wa miaka tisa.

Saa Mbili hakungoja. "Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Tisa mara sita?"

"Hamsini na nne. Mjomba, uliza ngumu."

Hosiana akageuka, akamtazama Chacha kwa muda mrefu zaidi ya inavyohitajika. Chacha akajikuna shingo. Akasema mdomoni ni mdomoni na darasani ni darasani, wapo watoto wanaojua nyumbani na shuleni wanaganda. Yeye anayo programu ileile kwenye simu yake mwenyewe, basi mtoto apimwe hapahapa mbele ya mashahidi, kisha kijiwe kifunge mdomo.

Akapanga darasa. Alitaka kila kitu kiwe kama shuleni: yeye mwalimu asimame huku, Vumilia akae kwenye kiti kule ng'ambo, na meza ya Hosiana yenye birika, vikombe na sinia la kashata iwe katikati, badala ya madawati. Akachukua boksi la biskuti, akaandika kwa makaa saba mara nane, na majibu manne, lililo sahihi akaliweka C. Akainua simu usawa wa macho. Saa Mbili akamsimamia bega la kulia. Ngassa akasimama la kushoto, ameikazia simu macho kama anavyokazia mchanga wa mwisho ndani ya karai.

"Onyesha jibu."

Simu ikatafuta, ikatafuta tena, ikatoa kijivu.

Chacha akarudia. Kijivu. Akafuta kioo kwa shati lake, akarudia mara ya tatu. Kijivu. Hakucheka, maana Chacha si mtu mbaya, ila alishusha pumzi ya mtu aliyeshinda kesi asiyoifurahia. Ngassa akaiinamia simu zaidi. Kumbe ni kweli. Mtoto anaulizwa kitu alichokijibu sasa hivi, na anakaa tu.

"Wanaume watatu," ikasema sauti ya Hosiana kutoka kwenye kigoda chake, kule chini karibu na jiko. "Toeni macho kwenye hiyo simu."

Wakayatoa.

Kiti kilikuwa kitupu. Vumilia alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, nyuma ya meza, kadi ameishika kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele na kichwa ameinamisha kidogo. C ilikuwa juu. Ilikuwa juu tangu mara ya kwanza. Kati yake na simu kulikuwa na birika na sinia la kashata.

Karasha likasaga peke yake.

"Mayu," Ngassa akamwita kwa sauti ndogo, kama mtu anavyomwita mama yake. "Na darasani unafanya hivyo?"

"Ndiyo, babu. Mkubwa hapewi kitu umesimama."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Kweli ni yeye. Ngassa alimfundisha tangu alipoweza kubeba kikombe: mikono miwili, magoti chini, ndipo umpe mkubwa. Kwa hilo alisifiwa mtaa mzima. Na si Vumilia peke yake. Akawahesabu kichwani wale wengine wanane wa ile karatasi ya ukutani, akaona nyumba zao moja baada ya nyingine, nyumba zenye mabibi wakali ambako binti hatoi hata kiberiti akiwa wima. Wavulana wao huinama tu kidogo, wakiwa wamesimama. Simu imewaona.

Lakini kilichomuuma zaidi ni kingine. Mtoto alikuwa hatua tisa mbele yake, mchana kweupe, na yeye Karai, anayeona chembe ya dhahabu ndogo kuliko mbegu ya mchicha, alikuwa anaangalia simu.

Akazunguka meza, akamwinua, akampangusa magoti. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alimpa kashata mbili, na mtoto akajua.

Kijiwe kikavunjika, si kwa kwenda nyumbani bali kwa kwenda shuleni, Hosiana na birika lake mkononi kwa sababu hamwamini mtu wa kumwachia. Njiani Chacha alitembea nyuma kabisa, akijisemea kwamba programu ingeweza kurekebishwa, ingawa hakusema vipi.

Mwalimu Marcel, kijana mgeni wa huku, aliwapokea vizuri. Ngassa akamweleza. Kijana akabadilika rangi, akasema yeye hakuwa amewaona.

"Siku kumi na tano?"

"Mzee, wakati ule ninakuwa nimeinua simu."

Akasema basi jambo ni rahisi, wasichana waambiwe wasimame. Ila matokeo yameshatumwa juu, na huko juu wameshayapokea, na wameandaa semina kuhusu wasichana wasiopenda hesabu. Kwa hiyo fomu za kurudi darasa la pili hazina budi kujazwa kwa sasa, halafu ndipo marekebisho yafuate utaratibu.

Ngassa hakubishana. Akaomba fomu, akaomba na kalamu. Elimu yake ni ya msingi, basi aliandika polepole, akiikandamiza kila herufi, ulimi nje kidogo. Wazazi wengine wanane wakamtazama. Saa Mbili, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutangaza alichokiona. Ngassa akatia sahihi, akapiga goti moja, akamkabidhi fomu Mwalimu Mkuu Sesilia, aliyekaa nyuma ya meza, kwa mikono miwili.

Mwalimu Mkuu akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka.

"Jina la anayerudishwa darasa la pili: Marcel. Sababu: wiki tatu hajaonyesha kwamba anaona."

Akavua miwani. Akamgeukia Mwalimu Marcel, kisha akawageukia wale wazazi wanane waliokuwa wameshaanza kuulizana nani ana kalamu nyingine.