Mbuzi ya Kukunia Nazi Ndani ya Sanduku la Kioo

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Nimetoka makumbusho ya hapa Gazi. Miguu inauma, roho inauma zaidi. Jumamosi kuna maonyesho ya jamii. Vijana wawili wanaojitolea pale, Ummi wangu na Swabir wa Bi Mwanapili, kila mmoja atapewa meza, aweke kitu cha kale kutoka kwao na kuwaeleza wageni. Atakayeeleza vizuri ataajiriwa awe mwongoza wageni. Mmoja tu! Kazi ya kweli, na shati lenye jina kifuani.

Mwanangu Ummi, aliyesoma utalii Ukunda mpaka akapewa cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu! Mimi niliishia darasa la saba, lakini cheti kile nakisoma kila asubuhi. Swabir ana nini? Ana meno mazuri. Basi.

Tatizo ni mamake. Ameshapeleka chetezo cha shaba cha bibi yake. Amekibeba kichwani kwa njia ndefu, apite mbele ya kila mlango. Hata ubani hakutia, alikuwa anafukiza majivuno matupu. Na Cynthia, msichana wa bara anayesimamia makumbusho, amekiweka ndani ya sanduku la kioo. Sanduku lenyewe ni moja. Bi Mwanapili akaniuliza kwa sauti ya asali, ati Mama Ummi, nyinyi mwaleta nini? Nikamwambia utaona.

Nikaja nyumbani nione mimi kwanza. Hakuna kitu! Boga, mume wangu, akanikumbusha kwamba vitu vya marehemu mamake nilimpa mchuuzi, akanipa mabeseni. Nikamjibu kwamba mabeseni yenyewe mpaka leo hayajapasuka. Mwanamume hana shukrani.

Ummi asema tusihangaike, ataweka kifumbu chetu cha kuchujia tui. Kifumbu! Kitu kinachoning'inia msumarini jikoni! Mtu atoke Nairobi, apande gari, avuke feri, aje kuangalia kifumbu?

Nimepata wazo.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda Ukunda kwa Fondo seremala. Nimenunua mbuzi ya kukunia nazi, mpya, mbao bado yanukia msumeno. Fondo akataka kuipaka vanishi ing'ae. Nikamwambia asithubutu. Akauliza kwani naipeleka wapi. Nikamwambia inakwenda kuzeeka. Akanitazama kama watu wa Ukunda wanavyotutazama sisi wa Gazi. Yeye na vanishi yake!

Makumbusho ni nini, kwani? Ni kitu kichakavu na mtu wa kukisifu. Mtu wa kukisifu ninaye, nimemzaa mwenyewe. Uchakavu ndio umebaki, na uchakavu si kazi kubwa. Mwangalie Boga.

Alasiri nimeizika mbuzi kwenye matope ya mikoko, ile sehemu nyeusi inayonuka. Matope yale yamekula mitumbwi, yatashindwa na kibao cha Fondo? Nimeweka kijiti iwe alama. Nimerudi nimetulia kama malkia.

Jumatano, 12 Novemba

Boga amerudi kutoka mikokoni anatabasamu. Ati mke wangu, nimekuokotea zawadi. Akatoa mbuzi yangu! Ameifukua, ameisugua kwa mchanga, ameiosha kwa sabuni. Inang'aa kuliko ilivyotoka kwa Fondo. Ati kuna mpumbavu ameitupa na kuiwekea kijiti.

Miaka yote hii nikimwomba aoshe sahani moja, mkono unamwuma. Leo!

Nikamshukuru. Ningefanya nini? Akataka nimpikie wali wa nazi kwa mbuzi mpya. Nikamwambia nazi zimekwisha. Zilikuwapo tele, lakini zina kazi.

Alipokwenda msikitini nikaanza upya. Nimeibanika juu ya moshi wa makumbi ya nazi. Nimeipaka masizi ya chini ya sufuria. Kisha, hapa ndipo akili yangu inapowapita watu, nikakumbuka kwamba mbuzi ya kweli imekunywa tui maisha yake yote, ndiyo maana huwa nyeusi na ya mafuta. Basi nikakamua tui zito, la kasimile, nikaipaka. Ikanywa. Nikaipaka tena. Ikanywa tena, kama mgeni wa harusi. Nikaimalizia nazi zote.

Sasa ina sura ya bibi kizee aliyeshiba. Sisi tumekula wali mkavu. Boga alitafuna kwa kelele.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeipeleka makumbusho, nimeifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Cynthia alipoifungua akasema, "Mama Ummi, hii ni moto!" Nikadhani inaungua. Kumbe kwao ndiyo sifa.

Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya mamake bibi yangu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akimkunia nazi Liwali. Akaandika. Nilipomwona anaandika, nikaongeza kwamba Liwali alikuwa hali wali wowote ila ule. Akaandika. Nikaongeza kwamba siku Bi Mwanakombo alipougua, Liwali alikula mihogo mpaka akalia. Hayo pia aliyaandika! Wasomi ni watu wepesi sana. Unawatilia tu, kama tui.

Nikamwambia kitu cha heshima namna hii hakiwezi kukaa juu ya meza, kikashikwashikwa na wapita njia. Nikasimama pale mpaka akachoka. Akakitoa chetezo cha Bi Mwanapili ndani ya sanduku la kioo, akaitia mbuzi yangu, akafunga kwa kufuli. Sanduku lenyewe liko dirishani, lapigwa na jua la jioni. Ilivyopendeza! Chetezo kimewekwa mezani karibu na mlango, kama ndara.

Ummi alikuwa Msambweni kuwaalika walimu. Aliporudi akaiona. Akaniuliza, mama, mbuzi hii mbona siijui? Nikamwambia ilikuwa darini. Akasema nyumba yetu haina dari. Nikamwambia ndiyo maana hukuiona.

Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Ni furaha, naona.

Ijumaa, 14 Novemba

Bi Mwanapili amekuja kwangu baada ya sala ya Ijumaa, amevimba. Hakusema shikamoo wala marahaba, wala hodi sikusikia vizuri. Akasema amemjua bibi yangu, na mamake bibi yangu amehadithiwa, na hakuna aliyemkunia nazi Liwali yeyote, walikuwa wakiuza samaki wa kukaanga. Nikamwambia Liwali hakuwa akila samaki? Akasema tutaonana kesho. Nikamwambia mapema, upate nafasi ya kuona.

Kisha nimewapitia wanawake wenzangu wa kundi letu la kupanda miche ya mikoko. Nimewaomba kesho wakae safu ya mbele, na kila Ummi akifungua mdomo wapige makofi. Mwinga, mkubwa wao, akauliza wayapigie nini hasa. Nikamwambia msisikilize, pigeni tu. Kusikiliza kutawachelewesha.

Cynthia amenipigia simu kuniuliza kama mbao za kale huwa na harufu. Nikamwambia hiyo ndiyo historia yenyewe. Akasema asante, mama.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimevaa leso yangu mpya na viatu vinavyobana. Watu walijaa: walimu wa Msambweni, wazee, wageni wa hoteli za Diani waliochomwa na jua mpaka wakawa kama kamba wa kuchemshwa. Mgeni rasmi alikuwa bibi mmoja mkubwa wa ofisini, mnene, mwenye miwani. Akaketi kando ya sanduku la kioo. Nikasema Alhamdulillahi, mambo yamejipanga.

Sheikh akaomba dua. Ummi, aliyekuwa amesimama karibu naye, akafungua mdomo kusema amina. Safu yote ya mbele ikapiga makofi! Sheikh akafumbua macho. Mwinga akanitazama kuuliza kama yametosha.

Swabir akaanza. Akaeleza chetezo, ubani, udi, harusi, maiti, yote. Alieleza vizuri, nisiseme uongo. Lakini alikuwa anaeleza kitu cha mezani.

Zamu ya Ummi ikafika. Kwanza nikaona mstari mweusi. Ulitoka dirishani, ukateremka ukutani, ukapanda mguu wa sanduku la kioo. Nikadhani ni uzi. Uzi ukatembea. Sisimizi! Sisimizi wa Gazi nzima, na jamaa zao, wamealikwa na nani? Walipita upenyoni mwa kioo, wengine wakitoka na chakula, wengine wakiingia, wameheshimu foleni kuliko watu.

Mgeni rasmi akasema angependa kuishika mbuzi ya Liwali. Nikapaza sauti kwamba haishikwi. Hakunisikia, maana Ummi alikuwa amefungua mdomo na makofi yalikuwa yakilia. Cynthia akafungua kufuli.

Ya Rabbi. Siku mbili juani, ndani ya kioo, tui lote lile! Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa. Mgeni rasmi akavua miwani, sijui alidhani pua iko machoni. Mzungu mmoja akatoka nje mbio. Bi Mwanapili akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Kumbe Liwali hajazikwa!"

Cynthia akaangalia karatasi yake, akauliza, mbele ya watu wote, Mama Ummi, hii ni nini? Nami nikaanza kufuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya leso. Nilimwona Ummi wangu amesimama pale. Nikajua kazi imekwenda. Shati limekwenda. Nilitaka ardhi inimeze, lakini pale sakafu ni ya saruji.

Ummi akaichukua mbuzi, sisimizi wakimpanda mikononi. Akaiinua. Akasema, "Mabibi na mabwana, mbuzi hii haijamaliza wiki. Imechongwa Ukunda. Nilisoma kule, kazi ya Fondo seremala naijua. Amenitafutia mamangu."

Hata makofi yaligoma.

Akaipindua, akawaonyesha. Mbuzi iliyopikia watu vizazi viwili, akasema, huwa na bonde pale mpikaji anapokaa. Hii imelala kama meza, hajakaa mtu. Chuma cha zamani huwa na meno butu ya katikati, haya yote bado makali. Na tui huingia kwenye mbao kidogo kidogo, miaka na miaka, likakauka kila siku. Huwezi kulipaka lote mara moja, linachacha, kama mnavyosikia. Kisha akasema, "Kitu hakizeeki kwa kupakwa. Kinazeeka kwa kutumiwa. Mama, hebu njoo ukae."

Mimi! Viatu vikibana! Nikaenda. Mtu akaleta nazi. Nikaketi kimwanamke, kiubavu, nikakuna, kwa hasira na kwa ustadi, nazi ikashuka kwenye sinia kama theluji ya kwenye televisheni. Watu wakaguna. Mgeni rasmi akataka kujaribu. Akakaa, mbuzi ikalia, akacheka mpaka machozi. Foleni ikatokea. Wazungu, walimu, hata Swabir, aliyekaa kama anaendesha pikipiki. Ummi alikuwa akimweleza kila mmoja, akimshika mkono, kwa Kiswahili na Kiingereza na kile cha Wajerumani. Mwinga na wenzake walipiga makofi bila kuambiwa.

Na Bi Mwanapili? Cynthia alimwomba atie ubani kwenye chetezo chake, aondoe harufu. Akafukiza alasiri nzima, macho yakimtoka machozi. Chetezo cha bibi yake kimemtumikia bibi yangu. Wacha aende akaseme.

Jumapili, 16 Novemba

Ummi ameipata kazi! Cynthia amekuja mwenyewe nyumbani kumwambia. Ataanza na miezi ya kujaribiwa. Swabir alikuja kumpongeza, akanishika mkono, shikamoo mama, hongereni. Hana wivu hata chembe, maskini. Mamake hakumlea kikamilifu.

Cynthia aliniita kando. Akasema kwa upole kwamba Ummi ameajiriwa kwa kuwa alisema ukweli mbele ya watu wakati ambapo ingekuwa rahisi kunyamaza, na kwamba nikipeleka uongo mwingine pale, atakayeulizwa ni Ummi, na kazi yenyewe bado changa. Nikamwambia nimeelewa. Ummi naye akaniapisha, machozi yakimlengalenga, nisipeleke tena kitu chochote cha mbao makumbusho. Nikaapa. Nilimkumbatia. Ana harufu ya tui mpaka leo, mwanangu.

Boga akasema pengine nimejifunza. Nimejifunza nini? Mpango ulikuwa Ummi apate kazi. Kazi kapata. Wanaume hawajui kuhesabu ushindi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepita makumbusho kumpelekea Ummi mahamri. Shati limemkaa! Mbuzi yangu wameiosha, wameiweka mezani, na kibandiko: "Mbuzi ya kukunia nazi. Imechongwa Ukunda. Imezeeshwa na Mama Ummi wa Gazi." Jina langu! Kwenye chetezo wameandika "mali ya familia" tu. Familia ipi? Hata haijulikani. Nilimwonyesha Bi Mwanapili mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alijifanya hana miwani.

Ukutani kuna tangazo. Maonyesho yajayo ni ya picha za zamani za wazee wetu. Bi Mwanapili anayo moja ya babu yake, iliyoliwa na mende nusu ya uso.

Sisi hatuna. Nimezungumza na mpiga picha Ukunda, asema kutoa picha bila rangi ni rahisi, na kuipasua pasua pembeni atanifanyia bure. Nimemwomba Boga avae kanzu na koti, akae kwenye kiti, awe babu yangu. Amekataa, ati hataki kuitwa marehemu angali anakula. Lakini Swabir amekubali kwa sahani ya biriani. Kijana ana uso wa kizamani sana ukimwambia afunge mdomo. Tunapiga Alhamisi, mamake akiwa sokoni.

Ummi sijamwambia. Niliapa kuhusu mbao, na picha ni karatasi. Fremu nitatia ya plastiki.