Kulikagua Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mama mkwe anauza gari! Ile Premio ya kijivu aliyokuwa akibebea vitenge vyake vya sokoni kule kwake Koboko. Macho yamechoka, hataki tena usukani. Ameagiza wakwe zake wawili waliangalie kabla ya watu wa nje. Wawili! Yaani mimi na Akram, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Akram ana duka, ana pikipiki, ana tumbo. Gari la nini? Dereva ni mimi! Bosi wangu aliuza gari lake mwezi uliopita, na tangu hapo niko hapa Ediofe nawatazama mbuzi wa jirani. Viktoria, mke wangu, amesema wazi: nisipopata gari wiki hii, Jumatatu naenda Manibe kulima muhogo na kaka yake. Kaka anayeamka jogoo akiwa bado amelala! Hapana. Gari hili ni langu, liwe liwalo.

Jumanne, 15 Julai

Shida. Gari linakaguliwaje kama mwenye kuuza ni mama mkwe? Mtu mwenye heshima hapa kwetu hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Haongei naye ila kupitia mke. Sasa nifungue boneti yake? Nichomoe kijiti cha oili, ninuse? Ni kumwita mwongo! Akram atafungua tu. Yule hana haya.

Nikapata akili. Nikamtuma Celestino, fundi wa gereji ya jirani, ajifanye mnunuzi kutoka mbali. Amerudi jioni anachokonoa meno. Amepikiwa kuku wa mama mkwe! Mimi miaka yote hii sijaonja hata shingo. Akasema, "Gari iko muzuri sana. Injini haina neno." Nikamwambia apunguze sauti. Gari zuri hivyo, Akram ataliondoa hata kabla hajalizunguka.

Basi lazima lionekane bovu. Celestino akanipa oili chafu kwenye chupa ya soda, ya kumwaga chini ya injini. Akanifundisha pia kutia kokoto ndani ya kifuniko cha gurudumu, gari ligonge likitembea. Samaki ni wazo langu mwenyewe. Hilo sikumwambia.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeonewa! Nimefika Koboko saa ambayo mama mkwe huwa sokoni. Samaki mkavu nimemsukuma ndani kabisa ya springi za kiti cha nyuma. Kokoto kwenye gurudumu. Nikajilaza chini ya gari kumwaga oili. Ndipo nikasikia viatu vyake. Amerudi mapema! Mfanyabiashara mzima anaacha soko mchana kweupe kwa sababu gani?

Kutoka siwezi. Mkwe kutambaa miguuni pa mama mkwe, tuko wawili tu nyumbani? Hiyo ni kesi ya ukoo mzima, na faini ya mbuzi juu. Nikatulia. Yeye akatandika mkeka karibu na gurudumu, akaanza kumenya karanga. Gunia zima! Oili yangu mwenyewe ikaniingia shingoni, ikashuka mgongoni.

Kisha akampigia simu dada yake wa Abuku, kwa sauti yote. Kwamba kesho Akram aje aangalie, asije akanung'unika, lakini moyo umeshaamua: gari ni la Baba Driwaru. Baba Driwaru ni mimi! Kwamba mimi ndiye mkwe mwenye adabu, sijawahi hata kukanyaga kivuli chake. Malipo yatakuja polepole.

Nililia pale chini. Kidogo tu. Alipoingia ndani kunywa maji, nikatoka mbio kupitia shamba la muhogo. Kokoto je? Samaki je? Muda ningeupata wapi! Nitawahi kesho kabla ya Akram.

Ijumaa, 18 Julai

Bodaboda imepata pancha njiani. Kufika Koboko, namkuta Akram anatoka, ameziba pua kwa leso. Amemwambia mama mkwe, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba gari linanuka maiti, linagonga na linavuja. Mbele ya mama mkwe! Yote ni kweli, lakini mtu hasemi!

Jioni Viktoria akanieleza kuwa mama yake analia. Hawezi kumpa mkwe mwenye adabu gari la aibu. Nikamwomba amwambie nalitaka hivyohivyo, bovu. Akapiga simu. Mama mkwe akajibu, "Tazama sasa, hiyo ndiyo adabu ya Baba Driwaru, anataka kunifichia aibu yangu." Akazidi kulia. Akakataa kabisa.

Viktoria ameshalitoa jembe nyuma ya nyumba.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka misa, nakuta Premio ya kijivu mlangoni kwangu. Ndani yake, Celestino! Jana alikwenda Koboko, eti akamhurumia mama mkwe, akalichukua kwa bei ya baiskeli. Kokoto alizitoa kabla hajaondoka mjini. Mwizi! Mtu anawezaje kufurahia gari la mama wa watu kuonekana bovu ili alipate rahisi? Nikamwuliza kama hamwogopi Mungu. Akaniuliza chupa yake ya soda iko wapi.

Hakuja kugombana, akasema. Anatafuta dereva wa kubeba abiria kati ya Arua na Koboko, kuanzia kesho. Viktoria akajibu ndiyo kabla sijafungua mdomo, akalirudisha jembe.

Jambo moja tu linamsumbua Celestino: harufu. Ameosha gari, amepulizia marashi, wapi! Akaniuliza kama mimi, dereva wa siku nyingi, najua ni nini. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikamwambia gari likianza kunuka hivyo ni ugonjwa wa ndani, na likianza na kugonga, mwenye akili huliuza haraka kwa mtu wa karibu.

Nimerudi kanisani mara moja. Pale uwanjani kuna kokoto nzuri sana, za mviringo. Nimejaza mifuko yote miwili. Kesho naanza kazi.