Siri ya Miaka Hamsini

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Redio inasema wiki hii wanatangaza Tuzo za Nobel. Leo ya tiba. Watu watatu wamegundua kinachowazuia askari wa mwili wasimpige mwenye mwili. Sawa. Ningeulizwa ningesema.
Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Kisa, mtoto wa dada yangu Veronika. Nani ataongea kwa niaba ya familia? Dada kamchagua Lugano, mdogo wa marehemu mume wake. Eti ana heshima, alishinda Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya Agosti. Alishinda bomba la kupulizia dawa. Bomba! Mimi ndiye mjomba.

Jumanne, 7 Oktoba
Ya fizikia: umeme unaopenya ukuta. Hapa Makwale haupenyi hata waya.
Kisa kanisomea kwenye simu: majina ya wanaopendekezwa Nobel hufichwa miaka hamsini. Nikaacha kutafuna.
Mchana nilikuwa Bondeni, kwa Catheline muuza chai. Nikadokeza, kwa unyenyekevu, kwamba nimependekezwa ile ya amani. Kuna mama wa Kenya alipewa kwa kupanda miti, na mimi nina mikakao mia tatu. Isitoshe, niliwahi kuwapatanisha mabaharia wawili bandarini Itungi, mamba akitutazama. Eliud, anayepakana shamba na Lugano, akataka ushahidi. Nikamwambia arudi baada ya miaka hamsini. Akalipa chai yangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Habari zimemfikia Wilbroad, baba wa bwana harusi, afisa kilimo kutoka Bukoba. Kampigia dada, kauliza kwa upole nani kanipendekeza, maana mtu haruhusiwi kujipendekeza mwenyewe. Nikajibu kuwa hata jina la aliyenipendekeza ni siri. Msomi kaaga kwa adabu.
Dada hakuniacha. Kasema kama mimi ni mtu wa amani nikamsalimie Lugano, tangu Agosti namkwepa njiani. La sivyo kipaza sauti nitakiona kwa mbali.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ya fasihi kapata Mhungari.
Nimekwenda kwa Lugano. Hayupo. Kakao yake imevundikwa kwenye sanduku ichachuke, imefunikwa majani ya migomba, ina joto kama mgonjwa. Nikaona nifanye tendo la amani: nimgeuzie. Nikafunua. Nikageuza vizuri kuliko bingwa yeyote wa bomba. Kisha nikakaa kivulini kutunga hotuba ya Jumamosi, usingizi ukanipitia.
Lugano aliporudi jioni, sanduku bado wazi, kakao imepoa, nzi wamejaa. Hakugomba. Alifunika jani moja moja, akauliza kama nimekula. Watu wengine wana njia mbaya sana za kuumiza.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ya amani kapewa mama wa Venezuela. Bondeni nzima ilinitazama. Nikaeleza kuwa ya kwangu ni ya mwakani.
Dada kasikia habari ya sanduku. Kasema nisiguse kipaza sauti. Nimelala mapema, sikula.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimekaa nyuma, karibu na masufuria. Lugano kaongea kidogo, kisha kanitafuta kwa macho. Akasema: “Mtoto haondoki bila neno la mjomba wake. Shemeji, njoo.”
Akanipa kipaza sauti mkononi. Hotuba yangu ilikuwa na kurasa nne, na mamba. Nikamwona Kisa ananitazama kama alipokuwa mdogo, nikimbeba begani kuvuka mto. Kurasa zote zikapotea.
“Nenda, mwanangu. Ukichoka, kwangu pana mlango.”
Basi. Dada alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Nikamwambia Lugano ndaga fijo, asante sana ya kwetu, na nilimaanisha. Wilbroad kanishika mkono, kasema maneno yale yanastahili nishani.

Jumapili, 12 Oktoba
Afisa wa serikali kasema nishani. Mbele ya watu.
Dada kauliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza sana. Mpatanishi anahitaji ugomvi, na wangu na Lugano umekwisha. Kwa hiyo baada ya ibada nimepita shambani, nikasogeza vigingi vya mpaka kati ya Lugano na Eliud. Hatua tatu tu. Watagundua kesho asubuhi.
Saa nne nitatokea, kwa bahati, na shati jeupe.