Maswali ya Mama Silvana

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Wewe unayesoma, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja. Hata mkeo. Hasa mkeo. Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo hapa Sumbawanga, na karani haruhusiwi kumfundisha mtu kesi yake. Nikijulikana, kazi imekwisha.

Leo nimeona tena jambo la kusikitisha. Hakimu alimwambia mdai amuulize shahidi maswali. Mdai akaanza kueleza habari za babu yake. Hakimu akasema, uliza, usieleze. Akaeleza zaidi. Ameshindwa kesi ya haki kabisa. Watu wetu ndivyo walivyo. Kumhoji mtu mzima hadharani wanaona ni kukosa adabu.

Alhamisi ni zamu ya Mama Silvana wa Mollo, mjane. Alimwazima jirani yake Leonardi maksai mmoja wa kulimia. Leonardi hataki kumrudisha. Anadai alipewa na marehemu mume wa mama. Mvua ziko karibu, na plau haivutwi na maksai mmoja. Beda, tarishi wetu, amemshauri mama alie tu mbele ya hakimu. Beda humshauri kila mtu alie.

Nimeamua. Nitamfundisha mimi. Kwa siri.

Jumanne, 7 Oktoba

Mahali nimepapata: nyuma ya mashine ya kusaga ya Mzee Halfani. Kwa kelele zile, nani atasikia? Najipongeza.

Mama Silvana alifika na mahindi kichwani, kama nilivyomwelekeza. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama ninakula, maana nimekonda. Nikamweleza kwamba mahakamani ana haki ya kumuuliza mpinzani wake na mashahidi wake, na hakimu lazima amsikilize. Kwetu mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo mdomo wake ndio wakili wake. Akasema Leonardi ni mkubwa kwake. Amhoji kama mtoto aliyeiba sukari? Nikasema mbele ya hakimu wote ni sawa.

"Mwanangu, hiyo ni mbele ya hakimu. Jioni tunarudi Mollo wote wawili."

Nikasema tujaribu tu, mimi nitakuwa Leonardi. Nikajisahau. Nikatoa sauti yote: "Maksai ni wangu! Simrudishi!"

Hapo hapo mkanda wa mashine ukakatika. Kimya. Foleni nzima ilisikia. Wa kwanza katika foleni alikuwa Kristiana, mke wa Beda.

Jumatano, 8 Oktoba

Mji mzima unajua kwamba karani wa mahakama amedhulumu maksai. Beda aliniuliza, kwa upole kabisa, ninamlaza wapi, maana chumba changu cha kupanga ni kidogo. Kisha hakimu akaniita.

"Ndugu Tadei, nasikia una mifugo."

Nikamwambia sina hata kuku. Nilitoka jasho, na baridi hii ya Sumbawanga. Chai ilinishinda.

Jioni Mama Silvana alinisubiri njia ya Malangali. Amefanya mazoezi, anasema. Amemhoji balozi wa nyumba kumi kuhusu majembe ya kijiji, na padri kuhusu urefu wa mahubiri. Padri alijibu vizuri. Balozi alikumbuka ana safari. Nikamwomba apunguze. Akaniuliza kwa nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leonardi aliapa, akasema marehemu alimpa maksai kwa mkono wake mwenyewe, mwaka jana, walipokwisha kuhamia kijiji kipya. Alisema vizuri. Wazee washauri wanaokaa na hakimu walitikisa vichwa kukubali. Beda, mlangoni, alimfanyia mama ishara ya kufuta machozi.

Mama Silvana hakulia. Alimwamkia Leonardi kwanza, "Shikamoo, kaka." Kisha akaanza.

Aliuliza kama alikuwepo kwenye mazishi ya mumewe. Leonardi akasema, kwa huzuni, kwamba yeye ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Mama akamshukuru. Akauliza walizika wapi. Leonardi akasema kule mahame, kijiji walichohama, chini kidogo ya nyumba ya zamani. Mama akauliza, je, siku hiyo kijiji kipya kilikuwepo? Leonardi akasema bado, hata miti ilikuwa haijakatwa.

"Basi kaka, mwaka jana nani alikupa maksai?"

Leonardi akaomba maji.

Mzee mshauri mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Hakimu aliweka kalamu chini, akamuuliza mama ni nani aliyemfundisha kuuliza namna hii. Mimi wakati huo nilikuwa chini ya meza, natafuta raba ya kufutia ambayo haikuanguka.

"Ndugu Hakimu," mama akasema, "swali hilo linahusu maksai?"

Hata hakimu alicheka. Akaamuru maksai arudi kwa mwenyewe.

Niliwaona dirishani wakiondoka. Mama mbele, Leonardi nyuma akimswagia maksai. Mama alikuwa akimuuliza hali ya mke wake, na Leonardi alikuwa akijibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelala vizuri. Nimekula ugali wa ulezi mpaka nikaona haya. Nimeapa: sifundishi tena mtu yeyote, maisha yangu yote.

Saa nne akaja Leonardi. Anataka kukata rufaa. Nikamwambia siwezi, mimi ni karani. Nikamwambia tu kwamba ana siku thelathini. Na kwamba rufaa inakwenda mahakama ya wilaya. Na kwamba aandike sababu, si hasira. Akauliza sababu ni nini. Basi tukakaa mpaka jua linazama. Hana sababu hata moja, masikini, lakini sasa anajua. Wiki ijayo atawaleta shemeji zake wawili, wana mgogoro wa shamba.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kesi usije mahakamani kuniulizia. Shika njia ya Malangali, tafuta nyumba yenye ua wa matete na mlango wa bluu, zunguka, gonga dirisha la nyuma polepole. Ukipotea, muulize mtu yeyote nyumba ya karani anayefundisha kesi kwa siri. Atakuonyesha.